Mtihani wa kuongea usio na sauti: KCSE inapima nini kwa vijana wa Malaba na Busia?

Malaba haijui kunyamaza. Trela zinanguruma zikisubiri kuvuka, makanga wanaita abiria wa Bungoma na Eldoret, mhubiri ana spika yake, na kando ya barabara kuna kijana wa kubadilisha pesa mwenye wateja watatu kwa wakati mmoja. Dereva aliyetoka Kigali anamuuliza bei kwa Kiingereza. Mama aliyevuka kutoka ng'ambo anamuuliza kwa Luganda. Mwenye kibanda cha jirani anamtania kwa Kiteso. Kijana anawajibu wote, hesabu haipotei, na hakuna anayeona maajabu.

Sasa mchukue kijana kama huyo, mvalishe sare, mkalishe kwenye chumba cha mtihani wa KCSE. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60 na huchukua saa mbili. Swali la kwanza ni uandishi wa kiuamilifu, alama 20. La pili ni kujaza mapengo, alama 10. La tatu lina alama 30 na linaitwa stadi za kuongea na kusikiliza. Hapo ungetarajia asikie sauti ya mtu. Wapi! Sauti pekee ni ya viatu vya msimamizi akizunguka. Mtahiniwa anaulizwa aandike neno linalotamkwa sawa na jingine, kama 'knight' na 'night'. Anaulizwa silabi gani ina mkazo. Anaambiwa aeleze angefanya nini ili msikilizaji asichoke, au angejiandaa vipi kwa mahojiano ya kazi. Yote kwa kalamu.

Alama 30 kati ya 200 za somo zima si mchezo. Zinaweza kumtoa mtu kwenye C na kumpeleka C+, na C+ ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu. Ndiyo maana walimu hawalaumiki wakifundisha sehemu hii kama orodha ya kukariri: maneno yanayofanana kwa sauti, herufi zisizotamkwa, sauti inapanda kwenye swali hili na kushuka kwenye lile. Unaweza kupata 28 kati ya 30 bila kufungua mdomo. Watoto wa huku Magharibi wanataniwa nchi nzima eti wanachanganya 'b' na 'p', lakini kwenye karatasi hiyo anayechanganya na asiyechanganya wote wanaandika 'pig' na 'big' vizuri tu. Na yule mwenye sikio kali, anayemwelewa kila anayepita Malaba, hapati hata nusu alama kwa kipaji chake.

Na ni kipaji kweli. Neno 'boda boda' lenyewe, ambalo leo linajulikana Afrika Mashariki yote, lilizaliwa kwa kusikiliza. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba kuanzia miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakivusha watu kati ya vituo vya nchi hizi mbili, wakiwaita kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili mbili. Masikio ya Busia yakalipokea, yakaliondolea 'r', yakalipa irabu ya mwisho, na sasa ni letu.

Kusikiliza mpakani pia si kutofautisha sauti tu. Mganda akikukuta unafanya kazi atakuambia 'well done'. Mkenya mgeni anadhani amesifiwa, anaanza kuringa. Kumbe ni salamu tu, tafsiri ya 'gyebale ko' ya Kiganda. Halafu kuna pesa. Pande zote mbili zina shilingi, na shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa zaidi ya 25 za Uganda. Mtu akikutajia 'ten thousand' hapa, kabla hujajibu ni lazima ujue anazungumzia pesa ya wapi. Hilo halimo ndani ya maneno. Linatoka kwenye lafudhi yake, bidhaa aliyoishika na mahali aliposimama. Wataalamu wa lugha wanaita hiyo kuelewa muktadha. Msee wa Malaba anaita hiyo kutopata hasara.

Sasa mtu atauliza: kwani inawezekana kupima mambo kama hayo kwenye mtihani wa taifa? Jibu linaudhi kidogo, kwa sababu KNEC tayari inafanya. Mwanafunzi wa KCSE anayesoma Kifaransa hufanya ufahamu wa kusikiliza: sauti inachezwa, anajibu maswali. Kisha ana mtihani wa kuongea, ana kwa ana na mtahini. Kijerumani na Kiarabu vilevile. Yaani lugha ambayo mwanafunzi wa Busia huenda asiisikie hata mara moja akienda sokoni inapimwa kwa sikio na mdomo, na ile anayofundishiwa hesabu, biolojia na jiografia inapimwa kwa ukimya. (Kiswahili hakijaponea pia. Karatasi zake tatu ni insha, lugha na fasihi, zote za kuandika. Lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Sababu inayotolewa kila mara ni idadi. Watahiniwa wa Kifaransa ni wachache. Wa Kiingereza mwaka wa 2024 walikuwa zaidi ya 960,000, maana somo ni la lazima. Ni hoja ya kweli, ila haifungi mjadala. Ghana ina ufahamu wa kusikiliza kwenye mtihani wa Kiingereza wa kumaliza sekondari unaosimamiwa na WAEC, na Kiingereza huko ni cha lazima pia. Korea Kusini inaenda mbali zaidi. Kila Novemba, wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza kwenye mtihani wa kuingia vyuo vikuu, ndege haziruhusiwi kupaa wala kutua kwa takriban dakika 35 ili zisiwapigie watahiniwa kelele. Nchi nzima inanyamaza.

Hakuna anayeiambia serikali isimamishe trela za Malaba kwa dakika 35. Foleni ingefika Bungoma! Lakini serikali hii inayoweza kufungua makontena ya mitihani asubuhi na mchana kila siku ya KCSE, chini ya ulinzi wa polisi, haiwezi kushindwa na spika moja kwa kila ukumbi. Kwa Malaba sema unachotaka, lakini spika haijawahi kuadimika. Umeme ukipotea, kuna betri. Watahiniwa viziwi wangehitaji mpango wao, na KNEC tayari ina uzoefu wa kuandaa mitihani kwa wenye mahitaji maalumu. Kazi ipo, ndiyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeamua ifanywe.

Gharama ya kutofanya inaonekana baadaye, tena mbali na hapa. Mwaka wa 2021, baada ya Kenya na Uingereza kukubaliana kuhusu kazi za wauguzi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Watu walicheka mitandaoni. Lakini hebu tazama mitihani yenyewe ilivyo. IELTS, mmojawapo wa inayokubaliwa na baraza la wauguzi la Uingereza, huanza na kusikiliza: maswali 40, sauti inachezwa mara moja tu, na wazungumzaji wana lafudhi tofauti. Kisha kuna kusoma, maswali 40 kwa dakika 60. Muuguzi anahitaji 7.0 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Mtu aliyepita shule yetu kuanzia chekechea hadi Kidato cha Nne anaweza kuingia kwenye chumba hicho akiwa hajawahi, hata siku moja, kufanya mtihani wa taifa wa kusikiliza Kiingereza. Mara ya kwanza analipia, tena pesa nyingi, na kazi yake inategemea matokeo.

Hapa nina wasiwasi wangu. Tukiamua kesho kuweka sehemu ya kusikiliza, nani atazungumza kwenye kanda hiyo? Nikisikia lafudhi ya London pekee nitajua tumepoteza nafasi. Mtoto wa jijini aliyelelewa na katuni za Kiingereza atachukua alama zote, na wa Teso Kaskazini ataambiwa hajui kusikiliza, ilhali anamwelewa dereva Mrwanda ambaye yule wa jijini angemwomba arudie mara tatu. Kiingereza ambacho vijana hawa watakifanyia kazi kinazungumzwa na Mganda, Mrwanda, Mkongo aliyejifunzia ukubwani, afisa wa forodha kutoka Mombasa. Weka sauti hizo. Weka na ya London pia, kwa sababu kazi za simu na za ng'ambo zipo. Lakini isiwe peke yake.

Kusoma kuna afadhali, angalau kunapimwa kwa njia ya kawaida. Karatasi ya pili ina ufahamu wa alama 20, na kuna dondoo, shairi au hadithi, na sarufi. Tatizo langu ni aina ya usomaji. Dondoo la kitabu teule, kama Fathers of Nations cha Paul B. Vitta, mwanafunzi amelichambuliwa kwenye miongozo hadi anajua jibu kabla ya kusoma swali. Kwenye ufahamu, mbinu inayopita kutoka kidato hadi kidato ni ileile: tafuta neno la swali ndani ya kifungu, nakili sentensi iliyo karibu nalo, omba Mungu.

Nenda na mbinu hiyo Busia uone. Mama anayevusha njugu au mayai yaliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa na asilipe ushuru wa kuingiza. Fomu ni fupi, lakini ni ya Kiingereza. Nyumbani, anayeombwa kuisoma ni mtoto wa Kidato cha Tatu. Fomu haina swali la kukuelekeza sentensi ya kunakili. Inataka msomaji ajue kama bidhaa ya mathe inahesabiwa kuwa ya Jumuiya au la, atie nini kwenye kila nafasi, na ajue kwamba kusamehewa ushuru wa kuingiza si kusamehewa kila ada. Akikosea, mathe anarudi kwa njia za panya, na huko anayemngoja anataka kitu kidogo. Sijaona mtihani wa Kiingereza ukimpa mwanafunzi fomu kama hiyo na kumuuliza: mtu huyu alipe au asilipe?

Nafasi ya kubadilisha ipo, na ina tarehe. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na wanafunzi hao watafanya mtihani wa Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Mtaala wao umetaja kusikiliza na kuongea kuwa sehemu kamili ya somo, sawa na kusoma na kuandika. Kwenye makaratasi tumeshashinda. Swali ni nani atakayepima, kwa sababu chini ya mtaala huu mambo mengi ya mdomo huachiwa mwalimu ayatathmini darasani.

Hebu tupige hesabu. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja asikilizwe kwa dakika tano. Hizo ni dakika 250. Kiingereza kikiwa na vipindi vitano vya dakika 40 kwa wiki, hizo ni dakika 200. Yaani mzunguko mmoja wa kumsikiliza kila mtoto mara moja tu unakula wiki nzima ya masomo na bado unadai vipindi viwili. Mwalimu mwenye madarasa matatu afanye nini? Tunajua atakachofanya. Ataketi Ijumaa jioni na orodha ya majina, ajaze alama kwa kukumbuka nani huongea darasani. Mkimya mwenye sikio zuri ataanguka, na mwenye kelele atapita.

Ndiyo maana ningependa sehemu ya kusikiliza iwe kwenye mtihani wa taifa wenyewe, kanda moja kwa wote, na mwalimu abaki na kuongea tu. Kusikiliza kunaweza kupimwa kwa watoto 300 kwa pamoja ndani ya nusu saa. Kuongea hakuwezekani hivyo, na hakuna haja ya kujifanya kunawezekana.

Walio Kidato cha Tatu mwaka huu ndio kundi la mwisho la 8-4-4. Watafanya KCSE ya mwisho mwaka wa 2027. Wakiwa ndani ya ukumbi Malaba, trela zitakuwa zikinguruma nje kama kawaida, na hazitamsumbua yeyote, kwa sababu kwenye swali lao la kusikiliza hakutakuwa na kitu cha kusikia.