Mtoto Akipotea, Nani Atajibu?

Ndugu zangu wafanya kazi,

Jumapili iliyopita tulibishana sana hapa Katelembo. Jirani yetu mmoja alipotelewa na mtoto. Alipokwenda kwa polisi aliambiwa arudi baada ya masaa 24. Mtoto akaonekana jioni kwa shangazi yake, tukamshukuru Mungu. Lakini mabishano hayakwisha. Wengine walisema kosa ni la askari aliyekuwa mezani, wengine wakasema ni la mkubwa wake. Nami natoa maoni yangu, maana jambo hili latuhusu sisi tunaokesha kazini huku watoto wetu wako nyumbani.

Kwanza, wenzangu, masaa 24 hayo si sheria ya mzazi. Katiba yataja masaa 24 kwa habari ya mtu aliyekamatwa, kwamba afikishwe mahakamani kabla hayajapita. Haimwambii mama angoje.

Pili, tukumbuke habari ya Masten Wanjala. Alikamatwa Julai 2021, na polisi wakatangaza kwamba amekiri kuua watoto zaidi ya 10, wa kwanza akiwa msichana wa miaka 12 wa Machakos yetu hii, miaka 5 nyuma. Miaka mitano, ndugu zangu! Tarehe 13 Oktoba 2021, siku ya kupelekwa mahakamani, mahabusu walihesabiwa asubuhi katika kituo cha Jogoo Road, Nairobi, naye hakuwapo. Tarehe 15 wananchi walimwua huko kwao Bungoma. Askari watatu waliokuwa zamu walikamatwa wakapelekwa kortini.

Wengine husema hiyo ilitosha. Mimi nasema haikutosha. Katika reli, magari mawili yakigongana, hatuulizi tu nani alishika bendera usiku ule. Twauliza: Nani aliandika zamu? Mtu yule alikuwa amefanya kazi masaa mangapi? Stesheni masta alikagua kitabu? Basi na kituo cha polisi kiulizwe vivyo hivyo. Mtu wa mashitaka makubwa namna ile, nani aliamua awekwe pale? Nani alihesabu walinzi, akasema wanatosha?

Mzee mmoja alinijibu: "Askari ana mshahara, tusimhurumie." Kweli, mwenye kosa na ajibu. Lakini tujue kwamba askari wa Kenya hana ruhusa ya sheria kuwa na chama cha wafanya kazi. Sisi tukionewa tunaye katibu wa tawi. Yeye akiona zamu ina watu wachache, atamwambia nani? Atanyamaza. Na siku mambo yakiharibika, kosa la juu humwangukia aliye chini. Mnyonge hana haki.

Walioumia zaidi ni wazazi. Walipotelewa na watoto, kisha wakapotelewa na kesi. Maiti hashitakiwi. Ushahidi haukusikilizwa, wala hukumu haikutoka. Hata wale waliomwua kwa hasira hawakuwasaidia wazazi hao, bali waliwafungia mlango.

Kwa hiyo natoa shauri. Mtoto akipotea, nenda polisi saa ile ile, pamoja na picha yake, na uende na mwenzako wa kazi, maana mtu mmoja hufukuzwa upesi. Usitoke bila namba ya kitabu cha ripoti, ile OB. Piga pia simu 116, ya watoto, haina malipo. Ukikataliwa, mtake mkubwa wa kituo. Naye akikataa, peleka lalamiko kwa IPOA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili ichunguze polisi.

Na matawi yetu yaseme kwa sauti moja: kituo kikikosa, jina la mkubwa liandikwe kwanza katika maulizo, si la mwisho. Anayepokea heshima ya kazi na apokee lawama yake.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Katelembo, Machakos