Kabla ya kulaumu dawa ya pamba, mkulima apime bomba lake

MTU aliyewahi kutumia bunduki ya upepo, ile inayojazwa hewa kwa kupampu, anajua kwamba nguvu peke yake haiui kunguru. Akipampu mara tatu leo na mara nane kesho, risasi haitatua mahali pamoja. Akibadilisha risasi nyepesi kwa nzito, shabaha nayo inahama. Mwenye busara hutundika karatasi, akajaribu idadi ya pampu na aina ya risasi mpaka apate vinavyopatana. Hapo ndipo anapokwenda kulinda kuku wake.

Bomba la kupulizia dawa ya pamba ni chombo cha ukoo huo huo. Lina pampu, lina hewa iliyoshindiliwa, na lina tundu dogo la kutolea kinachorushwa. Tofauti ni kwamba shabaha yake ni ndogo zaidi kuliko kunguru. Ni yai la mdudu lisilozidi kichwa cha pini, au funza mchanga anayetambaa kuelekea kwenye kitumba. Pamoja na hayo, si ajabu katika vijiji vya Misungwi, Kwimba na Sengerema kumkuta mkulima akilitoa bomba kwenye kona ya nyumba, akalijaza maji na dawa, kisha akaingia nalo shambani bila kulijaribu hata dakika moja.

Wiki mbili baadaye malalamiko yanaanza. Funza bado wamo, vitumba vinadondoka, na maneno yanayosikika kwenye vijiwe vya Usagara ni yale yale kila msimu kwamba dawa ya mwaka huu ni maji matupu.

Inawezekana kweli dawa ni mbovu. Dawa bandia zipo, na zilizokwisha muda wake zipo pia. Lakini mkulima ambaye hakupima bomba lake hawezi kujua, na hawezi kumthibitishia mtu yeyote. Hilo ndilo jambo linalostahili kujadiliwa kabla ya msimu mwingine kuanza.

Ikumbukwe kuwa eneo hili si geni kwa elimu ya pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kipo jirani kabisa na Usagara, na ndiko zilikotoka mbegu zinazobeba herufi UK, kama UK91 na UKM08. Watafiti wake walifanikiwa kupata pamba yenye manyoya kwenye majani, ambayo humpa shida chawajani. Hata hivyo, manyoya hayo hayamzuii funza wa vitumba. Huyo bado anahitaji dawa, na dawa inahitaji kumfikia kabla hajatoboa kitumba na kujificha ndani. Akishaingia, hata dawa bora haimgusi.

Kwa hiyo suala ni kufika, na anayefikisha dawa ni bomba.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia mfano wa dawa ambayo karatasi yake inaagiza mililita 200 kwa ekari. Wakulima watatu wanaitumia, wote kwa mabomba ya lita 15, na wote wanapima mililita 25 kwa kila bomba kwa sababu ndivyo jirani alivyowaambia.

Wa kwanza bomba lake ni zima. Kwa mwendo wake anamaliza lita 120 katika ekari moja, yaani mabomba manane. Mara nane mililita 25 ni 200. Amepatia.

Wa pili tundu lake limeziba nusu na washa ya pampu imechoka. Anatumia lita 80 tu kwa ekari, mabomba matano na kidogo. Dawa iliyofika shambani ni kama mililita 133, theluthi mbili ya kipimo. Funza wengi wanabaki hai, na wanaonusurika dozi ndogo ndio wanaoweza kuzaa kizazi sugu.

Wa tatu tundu lake limelika na kupanuka kwa miaka mingi ya matumizi. Anamaliza lita 180 kwa ekari, mabomba 12. Anahitaji mililita 300. Kama alinunua chupa moja ya mililita 200, inamwishia akiwa amebakiza theluthi moja ya shamba. Akiongeza chupa nyingine, ametumia dawa nusu zaidi ya inayotakiwa, na sehemu kubwa ya ziada hiyo imedondoka chini kwa matone makubwa.

Watu watatu, dawa moja, duka moja. Mmoja ataisifu, mmoja atasema ni feki, na mmoja atasema ni ghali. Dawa yenyewe haijabadilika.

Kuna mkulima atakayesema kwamba tundu kubwa linatoa dawa nyingi, hivyo linaua zaidi. Hapa ndipo bunduki ya upepo inapofundisha tena, kwamba risasi nzito si lazima iwe ndiyo inayolenga. Tone moja lenye upana wa maikroni 400 likigawanywa kuwa matone ya maikroni 200, yanapatikana manane kwa kiasi kile kile cha maji. Matone manane yana nafasi kubwa zaidi ya kumpata funza kuliko tone moja, ambalo likishakuwa zito huteleza kwenye jani na kuishia kwenye udongo. Kinyume chake, tone likiwa dogo kupita kiasi hupeperushwa na upepo mpaka kwa jirani. Kinachotafutwa ni kadiri, na kadiri hupatikana kwa kujaribu.

Wazee wa Kanda ya Ziwa waliotumia zile mashine ndogo za betri wanalikumbuka hili. Betri zilipochoka, kisahani kilichorusha dawa kilizunguka polepole, matone yakawa makubwa, na kazi ikaharibika ingawa dawa ilikuwa ile ile. Bomba la mkono halina betri, lakini nalo huchoka.

Jaribio lenyewe linahitaji maji safi, jagi lenye alama za vipimo, saa na kamba ya kupimia. Gharama yake ni asubuhi moja.

Kwanza, mkulima ajaze maji matupu, apampu, aangalie kama linavuja kwenye mpira, kifuniko au mpini. Bomba linalovuja huibia shamba dawa na kuimwaga mgongoni mwa anayelibeba, na huo ni mzigo wa afya, si wa mfuko tu.

Pili, akinge maji yanayotoka kwa dakika moja na kuyalinganisha na yanayotoka kwenye nozeli mpya ya aina hiyo hiyo, kwa mwendo ule ule wa kupampu. La zamani likitoa zaidi kwa asilimia 10, limelika na libadilishwe. Likitoa pungufu, limeziba. Lisafishwe kwa maji na brashi laini. Waya au msumari hupanua tundu, na kupuliza kwa mdomo ni kunywa sumu.

Tatu, anyunyize maji juu ya jiwe bapa lililokauka, na Mwanza hakuna uhaba wa mawe. Aangalie linavyokauka. Mahali panapokauka mapema kuliko pengine ndipo palipopata maji kidogo. Kama kuna mistari ya ukavu katikati ya unyevu, nozeli hiyo haifai, hata ikiwa mpya. Vilevile aangalie aina yake. Kwa wadudu wa kwenye majani hutumika ile inayotoa maji kwa umbo la koni, na ile inayotoa maji bapa kama upepeo ni ya kuulia magugu.

Nne, apime mraba wa mita 10 kwa 10 shambani. Aweke lita tano za maji, apulizie mraba huo kwa mwendo wake wa kawaida na pampu zake za kawaida, kisha apime yaliyobaki. Kiasi kilichotumika akizidishe kwa 40, kwa kuwa ekari moja ina miraba kama 40 ya namna hiyo. Akitumia lita tatu, ekari yake ni lita 120. Sasa anajua mabomba mangapi kwa ekari, na anajua kila bomba liwekewe dawa kiasi gani. Kipimo hicho ni chake na bomba lake, hakiazimwi kwa jirani. Pamba ikirefuka na kuhitaji maji zaidi, apime upya.

Wenye yale mabomba madogo yanayoshindiliwa upepo mara moja kabla ya kupulizia wanahitaji uangalifu zaidi. Presha yake hushuka kadiri maji yanavyotoka, na mstari wa mwisho haupati matone sawa na wa kwanza. Ni vema wahesabu pampu, na waongeze upepo kabla haujafifia, si baada ya hapo.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mkulima mzigo wote. Mara nyingi dawa humfikia kwa mkopo, na deni hukatwa anapouza pamba. Anayemkopesha ana maslahi katika matokeo. Chama cha msingi cha ushirika kinachogawa dawa kingeweza kuweka jagi moja, brashi na nozeli chache mpya za kulinganishia katika ghala lake, na kutenga siku moja ya kupima mabomba kabla ya upuliziaji wa kwanza. Kampuni za pamba zinazotaka mavuno mengi zinaweza kuchangia vifaa hivyo bila kutikisika. Maofisa ugani nao wapime mbele ya wakulima, si kueleza tu.

Wafanyabiashara wadogo wanayo nafasi pia. Usagara ni njia panda ya Mwanza, Shinyanga na Sengerema, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kwa anayepeleka bidhaa ng'ambo. Duka la pembejeo lenye chupa 200 za dawa lakini halina nozeli wala washa hata moja linauza risasi bila kujali bunduki. Vipuri hivyo ni vidogo na havioz​i. Mteja ambaye dawa yake imefanya kazi hurudi, na yule aliyeambulia funza huenda kusema vibaya kijiji kizima.

Hapo ndipo suala la dawa bandia linaporudi. Mkulima aliyepima bomba, akafuata kipimo cha karatasi, akapulizia asubuhi au jioni wakati upepo umetulia, na bado akawakuta funza hai, ana hoja nzito mkononi. Anaweza kwenda dukani na kwenye chama chake akiwa na chupa, risiti na hesabu ya lita zake. Anaweza kumwomba ofisa ugani apeleke suala kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye jukumu la kudhibiti dawa hizo. Wakulima kumi wenye hesabu kama hiyo kutoka kijiji kimoja hawawezi kuambiwa kirahisi kwamba walikosea kuchanganya.

Asiyepima hana jibu la kumpa muuzaji atakayemwambia kwamba kosa ni la bomba lake. Analipa deni la dawa, anavuna pamba yenye matundu, na msimu unaofuata ananunua tena kwa kubahatisha.

Pamba ya Kanda ya Ziwa hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, na upuliziaji huja majuma kadhaa baadaye. Muda wa kulitoa bomba kwenye kona, kulijaza maji matupu na kulijaribu juu ya jiwe upo wa kutosha.