Uvimbe wa Taya kwa Watoto



Juma hili natoa habari za ugonjwa mmoja wa watoto, nao ni uvimbe wa taya. Wengine mmepata kuuona. Mtoto wa miaka mitano au saba, aliyekuwa akicheza vizuri, huanza kuvimba shavu. Meno ya nyuma hulegea. Baada ya majuma machache tu uso umeharibika, na pengine jicho nalo limesukumwa nje. Kwa watoto wengine uvimbe huota tumboni. Wako wanaosema, "Ni jino tu," wakaling'oa. Wako wanaosema, "Amerogwa," na siku zapita bure. Sivyo, ndugu zangu. Ugonjwa huu una jina, tena una dawa.

Jina lake latokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe huo. Haukupita muda mrefu akamwona mwingine Jinja. Akataka kujua ugonjwa unakaa wapi. Mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Williams na Nelson, walipanda motokaa kuukuu wakasafiri toka Uganda mpaka Johannesburg, wakipita Tanganyika, mwendo wa majuma 10 hivi na maili karibu 10,000. Kila hospitali waliuliza. Wakatambua kuwa ugonjwa hupatikana sana penye joto na mvua, na katika milima ya baridi ni haba. Yaani ni palepale penye malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko Uingereza wakaona kirusi ndani ya uvimbe huo.

Lakini uvimbe ni nini hasa? Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana ila kwa hadubini. Chembe moja hugawanyika ikawa mbili, na ndivyo mtoto anavyokua na kidonda kinavyopona. Ndani yake mna kromosomu 46, zilizobeba maagizo yote ya kazi ya chembe. Kabla ya kugawanyika, kila kromosomu hufanywa mbili. Kisha kitu kidogo kiitwacho sentrosomu nacho huwa viwili. Kimoja huenda upande huu, kimoja upande ule, na nyuzi nyembamba huvuta kromosomu, 46 huku na 46 huku.

Fikirini baba mwenye wana wawili wanaotaka kuanza maisha. Amenunua majembe mawili, mashoka mawili, sufuria mbili. Kila mwana huchukua moja moja, nyumba zote mbili zikaendelea vema. Lakini wakiingia watu wa tatu na wa nne wakinyang'anya, nyumba moja itapata majembe mawili bila sufuria, nyingine haina hata shoka. Ndivyo inavyokuwa sentrosomu zikizidi mbili. Chembe nyingi zilizogawiwa vibaya hufa. Lakini mojamoja hupona, ikawa kaidi, ikazaana bila kusikia amri. Mjerumani Theodor Boveri alikwisha kulisema jambo hili mwaka 1914, akieleza kuwa saratani yaweza kuanza kwa mgawanyo mbaya wa namna hiyo.

Mwaka 2017 wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kuwa kirusi kile cha Epstein hubeba protini inayozidisha sentrosomu katika chembe kinamoingia. Lakini msiogope! Karibu sisi sote tunacho kirusi hicho toka utotoni, na wengi hakitudhuru. Hatari huzidi mtoto akishikwa na malaria mara kwa mara, maana malaria huchokoza chembe za damu zigawanyike mno na kudhoofisha ulinzi wa mwili. Ndipo kipande cha kromosomu moja hukatika kikajipachika kwenye nyingine, na chembe hiyo haijui tena kukoma kuzaana. Ugonjwa wenyewe hauambukizwi kwa kumbeba mgonjwa wala kula naye sahani moja.

Basi, yatupasa kufanya nini? Mkoa wetu wa Kigoma ni mmoja wa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Chandarua kiwe cha mtoto kwanza, wala kisigeuzwe kuwa wavu wa dagaa. Mtoto mwenye homa apimwe.

Na mkiona shavu au tumbo limevimba kwa siku chache, msingoje mwezi. Chembe za uvimbe huu zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Nendeni zahanati, kisha Maweni. Kutoka hapo mtoto aweza kupelekwa Bugando, Mwanza, wanakotibu saratani. Dawa mojawapo, vinkristini, hutoka katika ua dogo la asili ya Madagaska, nayo huzuia zile nyuzi zisivute, chembe kaidi ikashindwa kugawanyika. Lakini mtu asichemshe ua hilo nyumbani, kwani ni sumu. Kipimo chake ni cha daktari.

Burkitt mwenyewe, miaka ya 1960, aliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dawa, na watoto wakaendelea kuishi. Watoto wanaofikishwa mapema na kumaliza dawa, wengi hupona. Nauli ya kwenda Mwanza ni nzito, najua. Lakini jirani wakichanga, yapatikana; na mchango wa kumpeleka mtoto hospitali ni bora kuliko mchango wa matanga.