Usilipie seva kabla mteja akulipe

Wasee mnaotengeneza programu hapa Isiolo, acheni kukimbilia seva ya kulipiwa kwa dola eti juu programu inafunguka kwa laptopu yako na simu ya mteja inakataa. Mwenye duka pale Bula Pesa hatoi pesa kwa picha. Anataka abonyeze kwa simu yake mwenyewe.

Na hiyo ni bure. Kwanza, localhost kwa simu yake ni simu yake, sio wewe. Mpe anwani ya laptopu yako, mara nyingi inaanza na 192.168. Inagoma? Cheki kama kontena ya Docker ulifungulia poti, ile -p 8080:80. Bado? Programu ndani ya kontena lazima isikilize 0.0.0.0. Ikisikiliza 127.0.0.1, inajiongelesha tu. Halafu cheki fayawoli ya laptopu.

Waifai ya hoteli nayo? Nyingi huzuia vifaa kuonana. Washa hotspoti ya simu, nyote wawili muingie. Simu nyingi za Android hata ukizima data, mtaonana tu.

Ukweli ni kwamba mteja akiwa Nairobi, hiyo anwani haimfikii. Hapo seva ina maana. Lakini wateja wetu wa kwanza wako hapa mtaani, mwendo wa bodaboda. Onyesha kwanza, chukua deposti, ndio ulipie seva.

Ama nyinyi mnaonaje?