Kabla ya kuacha shimo, panda mbegu

Kila asubuhi katika Kisangani, toka Mangobo mpaka Kabondo, sauti ya kwanza ni ya ufagio. Mama ama binti anafagia lupango mpaka udongo unabaki mtupu, bila jani hata moja. Anayepita anasema: hapa kuna watu safi. Kisha mvua inanyesha. Udongo wenye tulifagia unashuka katika avenue, unajaza mfereji, unakwenda mtoni. Mwaka kwa mwaka lupango inashuka, na msingi wa nyumba unaanza kuonekana kama mifupa ya mtu mgonjwa.

Kwenye machimbo tunafanya vile vile, lakini kwa nguvu zaidi. Tunatoa majani, tunatoa udongo mweusi, tunashuka mpaka kwenye gravier. Kama almasi ama dhahabu imeisha, tunabeba pompe na vitanda, tunahama. Nyuma tunaacha shimo lenye maji na kilima cha mchanga ambacho hakioti kitu. Mbu wanazaa pale. Watoto wanateleza pale. Na mke wa mchimbaji, yule mwenye kulisha nyumba wakati shimo halitoe kitu, anatafuta shamba mbali zaidi kila mwaka.

Maoni yangu ni haya: mchimbaji asiache shimo bila kufunika udongo na mbegu. Na mama asifagie lupango nzima. Hiyo si kazi ya mapambo. Ni kazi ya chakula.

Katika nchi za baridi watu wamechoka na pelouse ya majani ya kawaida. Wanaanza kupanda trèfle, ile mmea mdogo wa vijani vitatu na maua meupe. Wanatupa mbegu zake ndogo sana juu ya udongo uliolainishwa, wanazikanyaga kidogo, wananyunyizia maji. Kisha hawaweke mbolea. Kwa nini? Trèfle ni ndugu ya maharagi na karanga. Kwenye mizizi yake kunakaa vijidudu vyenye kuvuta azoti katika hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Hewa tunayovuta ni azoti kwa sehemu 78 juu ya 100. Ni mali ya bure, lakini mihogo haiwezi kuichukua yenyewe.

Basi tuagize trèfle? Hapana. Trèfle nyeupe inapenda ubaridi. Kwenye milima ya Kivu inaweza kukaa vizuri, lakini sisi tuko karibu na ikweta, chini, kwenye joto la digri 25 mwaka mzima na mvua ya karibu milimita 1.800. Kupanda trèfle Kisangani ni kutupa franka. Lakini ndugu zake wako hapa. Angalia chini katika uwanja wa mpira ama kwenye uwanja wa shule: kile kimmea kinatambaa, vijani vitatu vidogo, maua madogo ya rangi ya zambarau. Watu wa elimu wanakiita Desmodium. Tunakikanyaga kila siku na hakifi. Njo trèfle yetu.

Kuna wakubwa wake pia. Wa kwanza ni Pueraria. Wazee waliofanya kazi katika plantations za michikichi na za kautchu wanaijua vizuri. Toka wakati wa INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi, mmea huu ulipandwa chini ya michikichi ili kufunika udongo, kuua majani mabaya na kulisha miti. Wazungu hawakufanya vile juu ya uzuri. Walifanya juu ya hesabu: udongo uliofunikwa unatoa mafuta mengi. Wa pili ni mucuna, yenye mbegu kubwa kama haragi. Inafunika shamba kwa miezi michache, inasonga hata yale majani makali ya Imperata yenye kukata mikono, kisha inakufa yenyewe na kuacha blanketi ya majani makavu.

Sasa niseme juu ya Masako, kwa sababu pale njo tunaona bei ya udongo mtupu. Forêti ya Masako iko kilomita kama 14 toka Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta, ndani ya kona ya mto Tshopo. Serikali iliiweka kuwa réserve mwaka 1953: hektari 2.105, na leo wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanasomea pale miti, panya, ndege na jachère. Hektari 2.105 haziongezeke. Lakini watu wenye kutafuta shamba, makala na kuni wanaongezeka kila mwaka. Mtu anakata, anachoma, anavuna muhogo na mpunga mwaka 1 ama 2. Udongo unachoka, anaacha. Inafaa kungoja miaka mingi ili nguvu irudi. Hawezi kungoja, watoto wanalia njaa. Basi anakata mbele kidogo, karibu zaidi na réserve.

Wengine wanasema: leta polisi. Polisi hawezi kurudisha rutuba ya udongo. Kama jamaa anaweza kulima mahali palepale kwa sababu mucuna imelisha udongo katikati ya mavuno mawili, hana haja ya kuvuka mpaka wa réserve. Mbegu italinda Masako kuliko bunduki.

Najua maneno yenye watu watajibu. La kwanza: nyoka. Ni neno la kweli, na wazee wetu hawakuwa wajinga. Njo maana sisemi upande majani marefu mpaka mlangoni. Acha mita chache kuzunguka nyumba na jikoni zifagiwe kama kawaida. Mbali zaidi, kwenye mteremko na pembeni ya mfereji, acha ile Desmodium fupi itambae. Haifiki hata magotini. Nyoka hana pa kujificha, na udongo hauendi.

La pili: pelouse ni kitu cha matajiri. Tajiri ananunua udongo mwingine wakati wake umekwenda. Maskini hawezi. Kati ya hao wawili, nani ana haja zaidi ya kufunika udongo?

La tatu ni la wachimbaji, na ni zito: «Ile ardhi si yangu. Mimi ni mpita njia. Nipande juu ya nani?» Ndugu, ardhi ile ina wenyewe. Ni wale wanakijiji waliokupa ruhusa ya kuchimba, na kesho watakufunga njia kama wa mbele yako waliharibu. Tena Code minier ya 2002, iliyobadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, inataka wachimbaji wadogo wakae katika koperative, na règlement yake inawapa kanuni ya mwenendo yenye kugusa pia ulinzi wa mazingira. Kila koperative inapiga hesabu ya mazout ya pompe, ya ration, ya machepe. PDG wa shimo anajua deni la kila mtu mpaka franka ya mwisho. Basi kilo ya mbegu iingie katika hesabu ile ile, mbele ya kugawa mali, si nyuma. Nyuma ya kugawa hakuna mtu anayebaki.

Kazi yenyewe si ngumu. Siku ya kwanza ya kufungua shimo, udongo mweusi wa juu usichanganywe na mchanga wa chini. Uwekwe pembeni, peke yake. Katika forêti zetu nguvu yote ya ardhi inakaa katika ule udongo wa juu. Chini yake kuna umaskini mtupu. Kama shimo limeisha, rudisha kwanza mawe na mchanga, kisha udongo mweusi juu. Ukikosa kujaza shimo lote, angalau punguza kingo zake ziwe mteremko, ili mtoto akianguka aweze kutoka.

Kisha mbegu. Ya Pueraria iko na ngozi ngumu. Ukiitupa vile vile, nyingi zitalala. Chukua vikombe 2 vya maji yaliyochemka, changanya na kikombe 1 cha maji baridi, mwanga mbegu ndani, acha usiku mzima. Asubuhi zile zilizovimba ziko tayari. Weka 2 ama 3 katika kila tundu dogo, hatua 1 kati ya tundu na tundu, zifunike na udongo kidogo sana. Panda mvua zikianza kuwa nyingi, mwezi wa 3 ama wa 9. Miezi 2 ama 3 ya kwanza, palilia. Watu wengi wanakosa hapo: wanapanda, wanaenda, majani mabaya yanakula mbegu. Afazali koperative iache vijana wawili wenye kulipwa kwa kazi ile.

Unataka kujua kama mmea unafanya kazi? Ng'oa mmoja. Kwenye mizizi utaona vinundu vidogo kama vichwa vya pini. Pasua kimoja na ukucha. Kama ndani ni chekundu, azoti inaingia. Kama ni cheupe ama kijani, bado.

Maonyo mawili. Pueraria inapanda juu ya miti na kuisonga. Basi iwe kwenye vilima vya machimbo ya wazi, na isipandwe hata kidogo pembeni ya réserve ya Masako ama katikati ya muhogo mchanga. Pembeni ya réserve tumia mucuna, ambayo inakufa baada ya kuzaa. Na mucuna yenyewe si chakula: mbegu zake zina sumu, zisichanganywe na maharagi ya jikoni. Waambie watoto.

Mbegu za kuanzia zinaweza kutoka wapi? Mahali ambapo Pueraria inaota katika plantation ya zamani, maganda yakikauka na kuwa meusi, mtu anaweza kuokota yake. Wakubwa wa IFA na wa INERA wana elimu ya mimea hii. Kazi yao itoke katika vitabu ifike kwenye mashimo. Na wale wa SAEMAPE, wenye kazi ya kusimamia uchimbaji mdogo, wasije kwa creuseur na carnet ya taksi tu. Siku moja waje pia na mfuko wa mbegu.

Toka 1982, wakati serikali ilifungua uchimbaji wa almasi kwa raia, baba wengi wa Tshopo wamelisha watoto na shimo. Hakuna mtu wa kuwatukana. Lakini almasi haizai almasi nyingine. Ukiitoa imekwenda, na mnunuzi wake pia amekwenda. Kitu chenye kinabaki kwa mtoto wako ni ardhi yenye uliisimamia, mtupu ama yenye kufunikwa. Koperative yenye inafungua shimo mwezi huu inaweza kuamua leo: udongo mweusi upande mmoja, na franka ya mbegu ndani ya hesabu.