Gari "dogo" la Marekani lilipoonja matope yetu

Msomaji mpenzi, mgeni akilisikia jina Magarini kwa mara ya kwanza hudhani anaelekezwa mahali penye magari mengi. Na akivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi, akapita Mambrui na Gongoni, atayaona kweli: malori ya chumvi, tuktuk, na Probox zilizosheheni abiria na magunia. Lakini akiiacha lami akashika njia ya ndani wakati wa masika, ndipo atakapofahamu kwamba gari na njia ni kama kiatu na mguu. Kisipokufaa, hata kiwe cha bei gani, kitakutoa malengelenge.

Leo basi nataka nikusimulie kisa cha gari moja la Kimarekani liitwalo Mercury Comet, ambalo lililetwa Afrika Mashariki mwaka 1964 kwa mbwembwe nyingi likitarajiwa kutufundisha maana ya uimara. Ni kisa cha zamani, lakini mzazi yeyote anayeweka akiba ya kununua gari ataona kwamba kina faida hadi leo.

Kwanza tuanze kwao. Katika miaka ya 1950 magari ya Marekani yalikuwa yakinenepa kila mwaka. Yalikuwa marefu, mazito, yenye mikia kama ya samaki na kiu ya petroli isiyokatika. Mwaka 1958 uchumi wa nchi hiyo ukayumba, na watu wakaanza kuyatazama magari madogo ya kigeni, hasa Volkswagen ya Kijerumani, ile yenye mgongo wa mviringo. Makampuni makubwa ya Detroit yakashtuka. Kuanzia mwishoni mwa 1959, Chevrolet ikatoa Corvair, Chrysler ikatoa Valiant, na Ford ikatoa Falcon. Magari hayo yakapewa jina kompakti, yaani gari lililobanwa likawa dogo.

Comet ilizaliwa Machi 1960, ikiwa ndugu ya Falcon. Awali ilikusudiwa kuuzwa chini ya chapa ya Edsel, lakini Ford waliifunga chapa hiyo Novemba 1959 baada ya kuwatia hasara kubwa. Mtoto akabaki yatima, akapelekwa kulelewa na wauzaji wa Mercury, na mwaka 1962 akapewa rasmi jina la ukoo huo. Familia za Kimarekani zilimpenda. Katika mwaka wake wa kwanza tu ziliuzwa zaidi ya Comet 100,000.

Sasa msomaji, hebu tulipime hilo gari "dogo". Comet ya mwaka 1960 ilikuwa na urefu wa karibu mita 5. Probox unayoiona stendi ya Malindi ina urefu wa mita 4.2 hivi. Naam, kilichoitwa kidogo kule kwao, hapa kwetu kingejaza ua mzima na kuku wasipate pa kupita! Udogo na ukubwa, kumbe, hutegemea nani ameshika kipimo.

Mwaka 1963 wenye Mercury waliamua kuthibitisha kwamba gari lao ni chuma. Walizipeleka Comet nne kwenye uwanja wa mbio wa Daytona, jimbo la Florida, wakaziendesha usiku na mchana kwa takriban siku 40. Kila moja ilikwenda maili 100,000, sawa na kilomita 160,000, kwa mwendo wa wastani uliozidi maili 105 kwa saa. Hakuna anayeweza kuibeza kazi hiyo. Ila kumbuka kwamba uwanja wa Daytona ni lami tupu, hauna shimo, hauna punda anayekatiza njia, wala mto uliofurika.

Baada ya ushindi huo wakatafuta mtihani mwingine, na macho yao yakaangukia Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kufikia miaka ya 1960 yalikwisha pata sifa ya kuvunja magari kuliko mashindano mengine yoyote. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho.

Pasaka ya 1964 Comet sita zikawa mstarini. Zilikuwa zimetayarishwa na fundi mashuhuri wa California, Bill Stroppe, na chini ya boneti mlikuwa na injini ya silinda nane ya lita 4.7. Mbele yao palikuwa na takriban kilomita 5,000 za Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi ambayo ilikuwa bado haijaungana na Zanzibar.

Matokeo yake? Kati ya magari 94 yaliyoanza, 21 tu ndiyo yaliyomaliza. Comet mbili zilikuwamo, moja ya 18 na nyingine ya 21, yaani ya mwisho kabisa. Nne hazikufika.

Aliyeshinda ni nani? Hapa ndipo penye utamu. Ilikuwa Ford Cortina GT, kigari cha lita 1.5 kilichotengenezwa na Ford hiyo hiyo, ila tawi la Uingereza. Kiliendeshwa na Peter Hughes na Billy Young, watu waliokuwa wakiishi Kenya na kuzijua njia zake. Wa pili alikuwa Erik Carlsson wa Sweden katika Saab 96 ambayo injini yake haikufika hata lita moja. Inasimuliwa kwamba Saab hiyo ilipozama topeni, Carlsson na mwenzake waliibiringisha ubavu kwa ubavu hadi ikatoka penye udongo mkavu, wakaingia wakaendelea na safari. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, aliwabiringishia tena mbele ya macho yao! Mwambie mtu akubiringishie gari la silinda nane, uone atakavyokutazama.

Mwanafunzi atauliza, inakuwaje mwenye nguvu nyingi ashindwe na mwenye nguvu kidogo? Jibu liko kwenye somo la fizikia. Gari zito huzama zaidi kwenye udongo laini. Gari ambalo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana sana hukwaruza tumbo kila linapovuka tuta. Injini kubwa ikiwa mbele na magurudumu yanayosukuma yakiwa nyuma, uzito unakaa kusikohitajika, basi ukikanyaga petroli magurudumu yanazunguka bure na kujichimbia kaburi. Saab ilisukumwa na magurudumu ya mbele, na injini yenyewe ilikaa pale pale juu yake ikiyakandamiza chini. Nguvu isiyoishika ardhi ni kelele tu.

Hata hivyo tusiionee Comet. Mwaka huo huo wa 1964 Comet tatu zilitoka karibu na Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, zikaenda hadi Fairbanks, Alaska, safari ya zaidi ya maili 16,000, kwa siku 40. Nayo mifupa ya Falcon, ndugu yake, ndiyo iliyotumika kuunda Ford Mustang iliyozinduliwa Aprili 1964, majuma machache tu baada ya Safari. Jina Comet lilidumu, kwa kukatizwa kidogo, hadi mwaka 1977, na chapa yenyewe ya Mercury ikafungwa mapema mwaka 2011. Gari halikuwa baya. Liliundwa kwa ajili ya barabara nyingine.

Mwaka uliofuata, 1965, Safari ilishindwa na Joginder Singh, makanika mzaliwa wa Kericho, akiwa na nduguye Jaswant. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Gari lao, Volvo PV544, walilinunua likiwa limekwisha tumika, wakalifungua na kulifunga wenyewe hadi wakalijua kila msumari. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Mjuzi wa njia mwenye gari analolielewa alikuwa amewashinda wenye fedha.

Msomaji, nimekusimulia yote haya kwa sababu kila mwaka nawaona watu wazima wakirudia kosa la Detroit. Mwalimu amestaafu, amepata kiinua mgongo chake. Kijana amepata mkopo wa chama cha akiba. Badala ya kuuliza gari litapita wapi, anauliza majirani watasema nini. Analeta nyumbani gari kubwa la kung'aa, na kufikia masika ya pili limepandishwa juu ya mawe, kuku wanataga ndani yake, na mkopo bado unalipwa. Karo ya watoto imekwenda na injini.

Kabla hujatoa shilingi, jiulize mambo manne. Kwanza, njia yangu ya kila siku ni ipi: lami ya Mombasa, mchanga wa pwani, au udongo wa bara ya Magarini unaoteleza mvua ikinyesha? Pili, uvungu wa gari umeinuka kiasi gani? Chuchumaa utazame, usiangalie rangi tu. Tatu, vipuri vyake vinapatikana Malindi, au kila kitu kidogo kitaagizwa Nairobi? Nne, fundi wangu analijua? Gari ambalo fundi wako hajawahi kulifungua litakuwa shule yake, na karo utalipa wewe.

Ukiyajibu hayo kwa moyo mweupe, huenda ukaona kwamba kigari ulichokidharau ndicho kitakachokupeleka Marafa kulitazama korongo la Nyari pamoja na watoto, na kukurudisha nyumbani jioni hiyo hiyo. Aliyezoea kutembea na watu wa bara atakuambia: mzigo hupimwa na mgongo wa anayeubeba, si macho ya anayeutazama.

Hadi Jumapili ijayo, endesha polepole, funga mkanda, na usilipite daraja ambalo maji yamelipita.