Kibarua Kinapoota Nyasi

Ramadhani ya mwaka 2020 iliingia Mombasa ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona. Tarawehe ilisaliwa majumbani, na kafyu ilimkuta mtu barazani kwake. Jioni moja, kabla ya magharibi, alinipitia mpwa wangu, mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo upande wa Changamwe. Baada ya maamkizi nikamwuliza, "Mmefutwa, mwanangu?"

"La, mjomba. Hatukufutwa. Karatasi imekwisha."

Karatasi ni mkataba wake wa miezi michache, ambao kwa miaka saba ulikuwa ukiisha na kuandikwa upya. Safari hii haukuandikwa. Nimelirudia jibu lile mara nyingi, kwani ndani yake mna jambo ambalo sisi tuzungumzao habari za migomo na kupunguzwa kazi hulipita mbio.

Wazee wetu wajua neno kibarua lilikotoka. Lilikuwa barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakirudisha jioni apate ujira wake. Mwishowe jina la cheti likamwangukia aliyekishika. Bandarini wengi waliishi hivyo mpaka Januari 1947, mji uliposimama siku 12: wachukuzi, watu wa reli, wapishi wa hoteli na watumishi wa majumbani, jumla yao wapatao 15,000. Kiongozi wao, Chege Kibachia wa African Workers' Federation, alikamatwa Agosti mwaka uo huo akahamishiwa mbali na Pwani. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa imeshatishika. Iliona kwamba mtu asiye na kazi ya kesho huwezi kumtisha kwa kumwachisha kazi. Ndipo katika miaka ya 1950 ikapunguza vibarua wa bandarini.

Kwa hiyo naweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba ajira ya kudumu hapa Mombasa ililetwa na woga wa wakubwa kuliko huruma yao.

Woga huo umekwenda wapi? Meli iliyokwisha funga gati Kilindini haiwezi kuwakimbia wachukuzi. Suruali ambayo haijakatwa yaweza kushonwa Bangladesh. Viwanda vyetu vya EPZ, vilivyowekewa sheria yake mwaka 1990, vilinawiri baada ya Marekani kupitisha AGOA mwaka 2000 na kuziachia nguo zetu ziingie kwake bila ushuru. Januari 2003, serikali mpya ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia, washonaji wa Athi River na Nairobi waligoma kwa ajili ya mishahara na jinsi walivyotendewa, na baadhi yao wakafukuzwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Januari 2005, ile mipaka ya kiasi cha nguo iliyokuwa ikizibana nchi kama China ikaondolewa. Nguo za China zikafurika, na hapa kwetu viwanda vikapunguza watu bila ya mgomo wowote. Nawakumbusha hili wale wasemao barazani kwamba washonaji hujikatia riziki wenyewe kwa kugoma.

Sitaki kumwonea mwenye kiwanda. Mnunuzi wa ng'ambo akivunja oda, yeye hubaki na vitambaa na deni la benki. Lakini tazama anavyojikinga. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka anayepunguza watu atoe ilani ya mwezi kwa chama chao na kwa afisa wa kazi, kisha amlipe kila mtu ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka alioutimiza. Sheria nzuri. Ila mkataba uliofika tarehe yake hauhesabiwi kuwa ni kupunguza watu. Mwajiri hana haja ya kufuta. Hungoja tarehe tu. Wala mshonaji hana haja ya kugomeshwa woga, maana akitoka nje wiki mbili kabla ya karatasi yake kwisha, ajua haitaandikwa tena. Hasara ya duka la New York hushuka ngazi kwa ngazi mpaka imkute mtu asiye na wa kumshushia.

Sisi tumefunzwa kumpa mtu wa kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kiwanda aweza kuapa kwamba amelitimiza hilo, na mpwa wangu hatambishia: kila siku aliyoshona alilipwa. Ile miaka saba ndiyo isiyokuwa na wa kuilipa, kwa kuwa kwenye karatasi haikuwa saba.

Mwezi wa Agosti aliitwa tena. Alikuta cherehani ileile na msimamizi yuleyule. Karatasi ilikuwa mpya, nayo ilisema ameanza kazi siku hiyo.